Somo: Umechaguliwa kamati ya zahanati, uanzie wapi?

Wengi mnaniuliza jambo moja: "Nimechaguliwa, kikaoni nafanya nini?" Nazungumzia Tanzania, nilikokaa kwenye kamati muhula mmoja wa miaka mitatu.

Jua kwanza uzito wa kiti chako. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko wa pamoja wa afya, yaani zile wanazochanga wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zamani tukiuliza tuliambiwa "zimekwama wilayani". Sasa swali linaishia hapo hapo zahanati.

Hatua ya 1: Omba makaratasi kabla ya kikao. Mhtasari uliopita, mpango wa kituo wa mwaka, taarifa ya mapato na matumizi. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, ndiye katibu, anayo yote. Mimi kikao cha kwanza nilisaini karatasi nikidhani ni ya mahudhurio, kumbe maazimio yalishaandikwa. Soma kwanza, hata wakikuona mbishi.

Hatua ya 2: Dawa. Hapa ndipo penye kazi. Gari la Bohari ya Dawa likija, mjumbe awepo. Linganisha hati na kilichomo kwenye maboksi: hesabu makopo, tazama tarehe za kuisha muda, pungufu liandikwe dereva akiwa bado yupo, ndipo usaini. Wiki chache baadaye rudi, chagua dawa mbili tatu tu, mathalani dawa mseto ya malaria, uone kama leja (daftari la dawa zinazoingia na kutoka) na rafu vinasema kitu kimoja. Usiende kipolisi. Mara nyingi pengo ni la kalamu: nesi ni mmoja, akina mama wamejaa bench, leja ataijaza saa ngapi? Ila dawa ileile ikipungua tena mwezi unaofuata, hoja iingie kwenye mhtasari.

Hatua ya 3: Rudisha taarifa kwenye mkutano wa kijiji, ambao kisheria hukaa angalau kila miezi mitatu. Mwombe mtendaji ajenda yako iwe ya mwanzo, ya mwisho hukuta watu wameshaondoka. Taja shilingi zilizoingia na zilichonunua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Mbozi: Mganga wetu anasema leja ni siri ya serikali. Ni kweli?
Jibu: Hapana, mama yangu. Siri ni ugonjwa wa mtu, si idadi ya vidonge. Akishikilia, mwenyekiti amwandikie mganga mkuu wa halmashauri, nakala kwa Bodi ya Afya ya Halmashauri. Barua, si kelele.

Kijana wa Kilosa: Posho ipo, kaka?
Jibu: Kama imo kwenye mpango wa kituo. Kwetu ilikuwa nauli na soda, na soda yenyewe si kila mara.

Dada wa Muheza: Baba ana miaka 67 lakini anatozwa. Kamati itamsaidia?
Jibu: Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Ugomvi wote uko kwenye hayo maneno matatu, "wasio na uwezo", kwani lazima mtu athibitishe. Mpeleke kwa mtendaji wa kijiji sasa akiwa mzima, usingoje siku ya homa. Na wewe mjumbe, kikao kijacho uliza ni wazee wangapi wameshaorodheshwa.