Mashine ya CPAP safarini: kwenye basi, kwenye ndege na kwenye baridi ya Njombe

Wenzangu wengi tunaotumia CPAP, ile mashine inayosukuma hewa kooni kupitia mpira na barakoa ili koo lisizibe usingizini, husema, "Naenda siku mbili tu, mashine naiacha." Tafadhali usiiache. Koo linaloziba usingizini halijui kama uko kwako au uko msibani, tena siku za safari ndizo mwili unapochoka zaidi. Na kama wewe ndiye utakayeendesha gari kurudi, usingizi mbovu wa usiku utakufuata hadi kwenye usukani.

Mimi naishi Dar, kwetu ni Njombe, na kazi hunipeleka Kigali mara kwa mara. Nitasema ya njia hizo.

Unapofunga mizigo, anza na tangi la maji yanayoitia hewa unyevu: lichomoe, mwaga, likaushe, lisafiri likiwa tupu. Maji yakibaki humo na begi likalala ubavu, yanaingia kwenye mota. Ongeza chujio za akiba kwa ajili ya vumbi, na ekstensheni ndefu, kwa sababu vyumba vingi vya wageni soketi iko mbali na kitanda. Beba barua ya daktari inayotaja kifaa na presha ya hewa uliyopangiwa, halafu ipige picha pamoja na kile kibandiko cha chini ya mashine, zikae kwenye simu.

Stendi, utingo atataka kulitupa begi kwenye buti. Mwambie kwa upole, bila kulegea, kwamba ni kifaa cha hospitali, kisha ukae nalo miguuni. Huko kwenye buti kuna magunia ya viazi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wengi wanapenda ya usiku. Mimi bado nachukua la alfajiri, ili nilale kitandani na mashine yangu. Ukilazimika kusafiri usiku, kaa wima, na usinywe pombe wala dawa za mafua zinazoleta usingizi, maana zinalegeza koo.

Kwenye ndege mashine inaingia nawe ndani, haiendi na mizigo ya chini. Kwenye ukaguzi itoe kwenye begi kama unavyotoa kompyuta. Wenye betri ya lithiamu muwe makini: nayo ni ya kubeba mkononi tu. Hadi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri) inapita bila kibali. Kati ya 100 na 160 shirika la ndege lazima likubali kwanza. Zaidi ya hapo abiria haruhusiwi kuwa nayo. Kama Wh haijaandikwa, zidisha volti kwa Ah (amperi-saa). Pawabenki ya mAh 20,000, yaani Ah 20, yenye seli za volti 3.7 ni Wh 74. Kigali utakuta soketi za pini mbili za duara, kwa hiyo beba adapta. Kibandiko kikisema 100–240V, huhitaji transfoma.

Njombe ni kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mashine nyingi za sasa zinajirekebisha zenyewe kulingana na mwinuko, lakini za zamani nyingine hurekebishwa kwa mkono. Soma kijitabu chake kabla hujaondoka. Kinachosumbua zaidi ni baridi ya Juni na Julai. Mvuke unapoa ndani ya mpira, unageuka maji, unasikia yanagugumia, kisha yanakudondokea usoni. Weka mashine kwenye kigoda kilicho chini kuliko kitanda, pitisha mpira ndani ya blanketi au uuvike kitenge, na upunguze kiwango cha unyevu.

Hapa nawasihi sana. Wenyeji wakiona unatetemeka watakuletea jiko la mkaa chumbani, kwa upendo kabisa. Lirudishe nje. CPAP haitengenezi oksijeni; inavuta hewa ileile ya chumbani na kuisukuma kooni mwako. Sumu ya mkaa haina harufu, na mashine haitakukinga nayo. Omba blanketi la pili. Dawa ya mbu ya kupuliza ni hivyohivyo: ipulizwe mapema jioni, chumba kipate hewa, ndipo uwashe mashine. Chandarua hakina shida. Pitisha mpira chini ya pindo upande wa kichwani, ubane na kibanio cha nguo, ila kitambaa kisizibe mahali mashine inapovutia hewa.

Maji ya tangi yawe yaliyochujwa kwa mvuke (distilled water), ya duka la dawa. Ukiyakosa, ya chupa yatafaa kwa siku chache. Yale ya betri ya kituo cha mafuta usiyatumie kamwe. Hayakuandaliwa kwa mapafu ya mtu.

Umeme ukikatika, vua barakoa kwanza, ndipo utafute tochi. Mwenye kulala na betri, azime unyevu na joto la mpira, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokula umeme mwingi. Hesabu yake ni hii: mashine ikitumia wati 20 kwa saa 8, ni Wh 160. Betri ya gari ya 12V, 50Ah ina Wh 600, lakini usiitumie zaidi ya nusu isije ikafa. Baadhi ya mashine zinataka volti 24, hizo huziungi moja kwa moja na betri ya gari. Nunua kigeuzi cha mtengenezaji wake.

Msibani tunalala wanawake wengi chumba kimoja, juu ya mikeka. Nampigia wifi yangu mapema: "Wifi, nakuja na mashine yangu ya kupumulia, niwekee kona yenye soketi." Watu wakijua kabla, hakuna anayeshtuka usiku akidhani umezidiwa. Watoto wakija kushangaa, wape barakoa waishike, waisikie hewa mikononi. Na anayelala jirani nawe mwombe jambo moja: umeme ukikatika akakusikia unakoroma, akuamshe ugeukie ubavu.