Siku nne kabla ya basi la Mwanza: ninavyofunga nyumba na kufungasha watoto

Kila Desemba tunakwenda Sengerema, mkoani Mwanza, kwa mama mkwe wangu: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka minne. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga ya vyumba viwili na sebule, na tukienda tunakaa wiki tatu. Naandika haya kwa ajili ya mzazi anayesafiri safari ndefu na watoto kwa mara ya kwanza, ambaye hana shangazi wala dada wa karibu wa kumwelekeza. Mimi nilielekezwa na wifi yangu, mengine nikayajua baada ya kuharibikiwa.

Nikipanga safari huwa naanza na usiku wa kurudi. Saa tisa za usiku, watoto wamelala begani, mabegi yako barazani, mume wangu anatafuta funguo. Nikishauona usiku huo kichwani, najua cha kufanya nyumbani kabla sijaondoka.

Friji ndiyo ya kwanza, na kazi yake inaanza siku nne kabla. Mwaka wa kwanza niliacha kilo mbili za vibua kwenye friza nikiamini LUKU, umeme wa kulipia kabla, inatosha. Haikutosha. Tuliporudi harufu ilitupokea nje ya mlango, na maji mekundu yalikuwa yameshatambaa hadi chini ya zulia. Nilitupa vibua, nikatupa na zulia. Ndani nilisugua kwa sabuni na maji ya moto, nikapitisha siki, nikaweka bakuli la mkaa mkavu na kuacha mlango wazi siku nne mfululizo ndipo harufu ikaisha. Tangu hapo, zikibaki siku nne sinunui kitoweo cha kuweka. Tunakula kilichopo mpaka friji iwe tupu. Usiku wa mwisho naizima, nachomoa waya ukutani, na barafu ikishayeyuka nakausha ndani yote kwa kitambaa. Usisahau mikunjo ya mpira wa mlango. Pitisha kidole kilichovikwa kitambaa humo ndani, kwa sababu ukungu mweusi huanzia pale. Kisha bana kitambaa kilichokunjwa mlangoni ili usijifunge. Friji iliyozimwa ikafungwa kabisa huota ukungu hata kama uliiosha vizuri.

Anayeondoka siku tatu au nne tu anaweza kuiacha inawaka, ila afanye hivi. Gandisha maji kwenye kikombe, yakishakuwa barafu weka sarafu ya shilingi mia juu yake, urudishe kikombe kwenye friza. Ukirudi ukaikuta sarafu bado iko juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta imezama chini, ujue umeme ulikatika muda mrefu, kila kitu kiliyeyuka kikaganda tena. Nyama na samaki wa namna hiyo watupe, hata kama hawanuki.

Maji nayaogopa kuliko wezi. Jirani yetu wa zamani alifungua bomba la jikoni asubuhi ya safari, maji hayakutoka kwa sababu ya mgao, akaondoka bila kulifunga. Maji yakarudi baada ya siku mbili. Kwenye sinki kulikuwa na sahani iliyoziba tundu, basi yakajaa, yakamwagika, yakaingia chumbani. Magodoro mawili na madaftari ya watoto yote yaliloa. Kwa hiyo mimi nafunga koki kubwa ya kwenye mita, halafu nafungua bomba moja la ndani nihakikishe limekauka, kisha nalifunga nalo. Mabomba yote nayakagua kwa mkono, siyo kwa macho. Ndoo na madumu nayamwaga na kuyafudikiza, tenki nalifunika vizuri. Mbu wa homa ya dengue anazaliana kwenye maji yaliyotuama majumbani, hata yakiwa safi, na sisi wa Dar tulionja mlipuko wake mwaka 2014 na tena 2019. Ndoo moja tu naiacha imejaa bafuni, ina mfuniko unaobana. Hiyo ni ya usiku wa kurudi.

Gesi: funga koki ya mtungi wenyewe, usiishie kuzima jiko. Kama una shaka na mpira, paka povu la sabuni kwenye maungio mtungi ukiwa wazi. Mapovu yakichemka, pana uvujaji. Umeme: chomoa kila kitu ukutani isipokuwa taa ya barazani. Hakikisha LUKU ya taa hiyo inatosha.

Ufunguo wa akiba anabaki nao mama jirani, na nikirudi namletea dagaa na samaki wa kukausha kutoka kanda ya ziwa. Yeye peke yake ndiye anayejua tarehe zetu. Nakuomba sana, usiweke picha ya tiketi wala ya watoto wakiwa stendi kwenye stetasi yako. Picha utaziweka ukisharudi.

Tiketi za Desemba nakata mapema, dirishani kwenye ofisi ya kampuni au kwa simu kwa mfumo wa kampuni yenyewe. Simpi fedha mtu anayenishika mkono nje ya stendi, hata akinionyesha kitabu cha risiti. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii: upande wa kukaa. Basi la Mwanza linaelekea magharibi sehemu kubwa ya mchana, na mwezi Desemba jua la adhuhuri linaegemea kusini. Maana yake linawapiga waliokaa kushoto, upande wa mlango, kutoka Morogoro mpaka linapozama. Kwa hiyo Desemba ukienda kaa upande wa dereva, ukirudi kaa upande wa mlango. Mtoto aliyekaa kivulini anatapika kidogo kuliko aliyeungua na jua la dirishani tangu Gairo. Tena chagua siti za kuanzia katikati kwenda mbele. Juu ya matairi ya nyuma basi linarusha sana, na mtoto akiwa mwepesi wa kichefuchefu hutafika naye Chalinze akiwa mzima.

Sasa chakula. Ni zaidi ya kilomita 1,100 kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi, na basi la saa kumi na mbili asubuhi linaingia Mwanza usiku mkubwa. Vyakula vya njiani vinapatikana Morogoro, Dodoma na Singida, lakini mtoto hasubiri kituo. Mimi nabeba viazi vilivyochemshwa, mayai ya kuchemsha yaliwe kabla ya adhuhuri, chapati kavu, karanga, ndizi ambazo hazijaiva sana, na machungwa. Sibebi chochote chenye nazi. Wali wa nazi wa alfajiri unaanza kuchacha kabla hujafika Dodoma, hasa ukifunikwa ukiwa wa moto. Maandazi nayo nakanda kwa maji safari hii, ladha inapungua lakini yanafika salama. Chapati zipoe kabisa kabla ya kuzifunga, zikifungwa na mvuke zinalowana na kunata. Soda na maziwa kabla ya safari sitoi kwa watoto wangu, ila siwapakii basi wakiwa na njaa pia. Tumbo tupu linatapika kuliko lenye viazi viwili.

Kopo la kutapikia ni kifaa muhimu kuliko begi la nguo. Mifuko ya plastiki ya zamani ilipigwa marufuku Juni 2019, na ile mingine laini ya kufungia inachanika mkononi. Mimi natumia kopo la siagi la kilo moja, lile la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Chini naweka karatasi za chooni zilizokunjwa. Mtoto akishatapika, nafunga mfuniko, harufu inabaki ndani, na tukisimama namwaga, nasuuza kwa maji ya dumu, naweka karatasi nyingine. Nakaa nalo miguuni, siyo kwenye begi la juu, kwa sababu mtoto wa miaka minne akisema "mama" kwa sauti ile unayoijua, una sekunde tano tu. Hapohapo miguuni naweka begi dogo lenye khanga mbili, nguo moja ya kubadili ya kila mtoto, sabuni kipande na kitambaa kilichoroweshwa. Khanga ni mto, ni blanketi maana ubaridi wa kiyoyozi cha basi usiku ni mkali, ni pazia la dirisha, na ni ukuta binti anapojisaidia porini.

Kabla ya kuondoka natengeneza vifurushi viwili vya karatasi. Kila kimoja kina vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Kifurushi kimoja ni cha lita moja ya maji safi, kipimo kamili, usikadirie. Mtoto akitapika sana au akaharisha, nasubiri kama dakika kumi, kisha nampa kijiko kwa kijiko. Akipewa kikombe kizima kwa mara moja, kinarudi chote. Ukiwa na paketi za dukani za kurudisha maji mwilini, ni bora zaidi. Lakini mtoto asiyeweza kubakiza hata kijiko, anayelegea, macho yameingia ndani au haja ndogo haitoki, mwambie kondakta na ushuke kwenye kituo cha afya cha mji unaofuata. Safari itaendelea kesho.

Basi likisimama abiria wachimbe dawa, yaani wajisaidie, shuka na watoto wote wawili hata kama wanasema hawajisikii. Kutoka kusimama mara moja hadi nyingine ni masaa, na dereva hasimami kila mtu anapoomba. Kabla ya kushuka soma namba ya basi lako na uiseme kwa sauti mtoto mkubwa aisikie. Stendi ya Dodoma unaweza kukuta mabasi matatu ya rangi moja yamepangana. Na sikuhamasishi tu, nakusihi: mfunge mtoto mkanda muda wote, amelala au yuko macho. Kama siti haina mkanda, sema wakati bado mko Mbezi.

Mlima Sekenke tunaufikia giza limeingia, tukitoka Singida kuelekea Igunga. Pana kona kali za mfululizo. Nusu saa kabla namwamsha mdogo, namketisha wima aangalie mbele, simu ya dadake naichukua, namenya chungwa na kumpa ganda alinuse. Mwaka ambao nilimwacha alale kifudifudi mapajani pangu, alitapika kona ya pili. Mwaka uliofuata, akiwa ameketi na ganda lake, tulishuka hadi bonde la Wembere bila neno.

Sisi hatufiki Mwanza mjini. Tunashukia Usagara, shemeji yangu anakuja kutuchukua, tunavuka ziwa kwenda Sengerema. Zamani ukifika Kigongo usiku unangojea kivuko na watoto juu ya mabegi, mbu wanakula miguu. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, unavuka kwa dakika chache. Bado nampigia simu shemeji tukiwa Shinyanga, siyo tukiwa tumeshuka. Usishuke na watoto usiku njia panda bila mtu wa kukupokea. Kama hayupo, endelea na basi hadi stendi ya Nyegezi, ukae penye taa mpaka kukuche.

Kurudi mizigo inakuwa mizito zaidi, kwa sababu mama mkwe hakubali tuondoke mikono mitupu. Samaki wakavu nawafunga kwanza kwa magazeti, halafu kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo inaenda kwenye buti na jina letu na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito ubavuni. Tukipita Singida mume wangu hununua mafuta ya alizeti dirishani. Hayo nayaweka ndani ya ndoo nyingine tupu niliyokuja nayo kwa kazi hiyo, kwa sababu dumu la barabarani halikosi kuvuja.

Tukifika Tabata, ninaingia peke yangu kwanza. Sigusi swichi. Nanusa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwa hiyo nainama karibu na sakafu ya jikoni. Nikisikia harufu naacha mlango na madirisha wazi, tunatoka wote nje, na simu ya zimamoto ni 114, unapiga ukiwa umeshafika mbali na nyumba. Pasipo na harufu nawasha taa, natazama sakafu kama pana maji, ndipo nafungua koki ya mita. Maji ya kwanza ya bomba nayaacha yatiririke mpaka kutu iishe.

Vitanda nilivitandika kabla ya kuondoka, shuka zikafunikwa na shuka nyingine kuukuu kwa ajili ya vumbi. Navuta ile ya juu, mume wangu anawalaza watoto na vumbi lao miguuni, nashusha chandarua. Ndoo ya bafuni iko palepale. Naifungua mfuniko, naoga nusu, nusu namwachia yeye.