Kibanda cha Kupozea Mimea ya Baridi Mjini Moshi

Mjini Moshi, ambako joto la mchana mwezi Februari huzidi nyuzi 30 za Selsiasi, saladi na stroberi huhitaji kibanda kinachopozwa kwa maji. Jenga fremu ya mbao yenye urefu wa mita 2, pande zake fupi zikielekea mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la alasiri lipige eneo dogo. Upande upepo unakotokea, piga nyavu mbili za kuku zilizoachana kwa sentimita 10, ujaze katikati vipande vya mkaa (si chenga, kwa kuwa huziba hewa), kisha laza juu yake bomba lenye matundu madogo linalodondosha maji polepole. Upepo unapopenya mkaa uliolowa, maji hugeuka mvuke na kuchukua joto la hewa inayoingia. Paa na pande nyingine zifunike kwa neti ya kivuli.

Wakati wa masika hewa huwa na unyevu mwingi, hivyo mkaa hupoza kidogo mno: funga maji, kwani unyevu wa ziada huleta ukungu. Ninasisitiza kipimajoto kitundikwe usawa wa majani, wala si darini.