Namna ya Kutafuta Cheo cha Umasta wa Sataranji Ukiwa Mombasa

Kijana anayewashinda wenzake wote barazani Mji wa Kale bado hajaingia katika njia ya umasta, kwa kuwa njia hiyo hupimwa kwa pointi za FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924. Jisajili kupitia shirikisho la taifa, Chess Kenya, kisha ucheze michezo rasmi isiyopungua 5 dhidi ya watu wenye pointi. Kiwango chako kikiwa chini ya 1400, hutaorodheshwa.

Kabla ya kukata tiketi ya treni pale Miritini kwenda kushindana Nairobi, jifunze miisho ya mchezo. Wengi huanza kwa kukariri hatua za ufunguzi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kupoteza wakati, kwani mpinzani akitoka nje ya ulichokariri huna pa kushika, ilhali mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu ni hesabu isiyobadilika: wafalme wakikabiliana, mraba mmoja ukiwa kati yao, anayelazimika kusogea ndiye anayeachia njia. Ukishalielewa hilo, hamia miisho yenye kete za ngome, ambayo hutokea mara nyingi zaidi.

Andika kila hatua, kama sheria inavyotaka, na ukirudi nyumbani uupitie mchezo kwa akili yako mwenyewe kabla ya kuwasha programu ya kompyuta.

Usikimbilie kila shindano. Mchezaji mpya hutumia kizidishi (namba inayoamua pointi zipande au zishuke kwa kiasi gani) cha 40 hadi atimize michezo 30, hivyo akimshinda aliye sawa naye hupata pointi 20, na akishindwa hupoteza kiasi hichohicho. (Walio chini ya miaka 18 hubaki na 40 kwa muda mrefu zaidi.)

Pointi 2200 humpa mtu cheo cha Masta Mtarajiwa, na 2300 cha Masta wa FIDE. Masta wa Kimataifa huhitaji 2400, na grandimasta, cheo cha juu kabisa, 2500, pamoja na normi, yaani matokeo ya juu katika mashindano yenye wageni na wenye vyeo. Wapinzani wa namna hiyo ni adimu kwetu. Kwa mfano, mchezaji Amon Simutowe wa Zambia alikamilisha normi zake za ugrandimasta Uholanzi mwaka 2007. Basi nauli ya ndege ianze kuwekwa mapema, na kwa wengi fedha hiyo hutokana na kufundisha watoto shuleni.