Jinsi ya Kuzipata Bendi Chipukizi za Roki za Japani Kabla Hazijawa Kubwa

Ukiiachia programu ya muziki ikuchagulie bendi za Kijapani, itakuletea zilizoimba nyimbo za filamu za katuni. Nyingi ni nzuri, ila zimeshavuka hatua ya kuchipukia. Hitsujibungaku walikuwa wameshapiga muziki miaka mingi kwenye kumbi ndogo za Tokyo kabla wimbo wao haujafunga vipindi vya katuni ya Jujutsu Kaisen mwaka 2023. Aliyekuwa akisoma ratiba za kumbi hizo aliwafahamu mapema.

Njia ya uhakika ni hiyo hiyo: ratiba za kumbi ndogo, ambazo Wajapani huziita raibuhausu. Bendi changa haipigi peke yake usiku mzima. Hupanda na nyingine tatu hadi tano, kila moja ikipewa kama dakika 30. Aliyepanga orodha hiyo ni mtu wa ukumbi anayesikiliza demo (rekodi za majaribio za bendi) kila siku, kwa hiyo kazi ya kuchuja ameshakufanyia. Ukiijua bendi moja, bango lake moja linakupa majina manne mapya.

Anza na bendi moja unayoipenda. Anayetaka kasi na fujo aingilie kwa Otoboke Beaver wa Kyoto. Hawa si chipukizi tena, lakini ni mlango mzuri: walitokea klabu ya muziki ya Chuo Kikuu cha Ritsumeikan, klabu ile ile iliyoizaa Quruli mwaka 1996, na vyuo vya Japani bado ndivyo vitalu vya bendi. Anayependa magitaa mazito yaliyojaa mwangwi, na sauti laini ya kike juu yake, aanze na kurayamisaka, wenye magitaa matatu jukwaani. Gitaa la kudonoa nota mojamoja kwa mapigo yanayobadilikabadilika utalisikia kwa downt, bendi ya watu watatu. betcover!! ni roki yenye giza na harufu ya jazi. Laura day romance ni watulivu, na nyimbo zao zimepangwa kwa uangalifu mkubwa. Chagua moja tu kwanza. Ukianza na tano kwa mpigo utachanganya matawi na hutajua lipi limekupeleka wapi.

Sasa tafuta jina la bendi hiyo kwa maandishi yake ya asili, na hapa ndipo wengi hukwama. Ratiba za kumbi hazitumii herufi za Kilatini kwa bendi zenye jina la Kijapani: Hitsujibungaku huandikwa 羊文学, Otoboke Beaver おとぼけビ〜バ〜. Nakili jina kutoka kwenye ukurasa rasmi wa bendi, usijaribu kulichapa mwenyewe, kwa sababu hata kile kimstari cha mawimbi kikikosewa unaweza kukosa matokeo. Kwa majina mafupi kama downt, injini ya utafutaji inaweza kudhani umekosea tahajia ikakuletea vitu vingine kabisa. Ongeza バンド (bendi) au ライブ (onyesho) mbele ya jina, tatizo litapungua.

Ukishalipata bango, utakuta mstari wa namna hii:

OPEN 18:30 / START 19:00
ADV ¥2,800 / DOOR ¥3,300 (+1D)

Milango saa kumi na mbili na nusu jioni, muziki saa moja. Bei ya kwanza ni ya kununua mapema, ya pili ni ya mlangoni. Hiyo +1D ni kinywaji kimoja cha lazima, siku hizi mara nyingi yen 600, kinacholipiwa mlangoni juu ya tiketi. Lakini kwa mtafutaji, kilicho muhimu zaidi ni maneno yaliyo juu ya majina. Ukiona 自主企画, au jina la bendi likifuatiwa na "pre.", bendi yenyewe ndiyo iliyoandaa usiku huo na kuwachagua wageni wake. Mabango haya yape uzito mara tatu ya mengine, maana mwanamuziki hualika bendi anazoziheshimu, wakati ukumbi wakati mwingine unajaza nafasi tu. Ukiona ワンマン, bendi inapiga peke yake: hakuna majina mapya hapo, ila ni dalili kwamba imekua.

Kila jina jipya lipe nyimbo mbili: video rasmi ya karibuni zaidi, kisha onyesho la jukwaani, hata lililorekodiwa kwa simu. Usiishie kwenye video rasmi. Studio inaficha mpiga dramu anayekimbia mbele ya wenzake na mwimbaji asiyeifikia nota, jukwaa halifichi. Angalia pia kama watu wa mbele wanaimba maneno. Bendi yenye video ya watazamaji wachache lakini ukumbi mzima unaimba nayo ndiyo unayoitafuta.

Kipimo kingine ni ukubwa wa ukumbi. Shelter ya Shimokitazawa, mtaa wa Tokyo, iliyofunguliwa 1991, inachukua watu 250. Club Quattro ya Shibuya inakaribia 800, O-East kama 1,300, kisha zinafuata kumbi za Zepp, nyingi zikiwa za watu elfu mbili na zaidi, na juu kabisa Nippon Budokan. Bendi iliyokuwa ya tatu kwenye bango la Shelter, na mwaka unaofuata ikaijaza Quattro peke yake, iko njiani kweli. Idadi ya wafuasi mtandaoni haisemi ukweli huo vizuri hivyo.

Chagua kumbi mbili au tatu uzifuate, na usome ratiba zao kila mwanzo wa mwezi. Mbali na Shelter, Shimokitazawa ina Basement Bar na Three zilizo jengo moja. Shinjuku Loft ipo tangu 1976. Usibaki Tokyo tu, maana sauti hubadilika kwa mji: Namba Bears ya Osaka ni ya wapenda kelele na majaribio, na Takutaku ya Kyoto imo ndani ya ghala la zamani la pombe ya sake.

Matamasha yanafaa ukijua pa kutazama. Fuji Rock, inayofanyika Naeba kila kiangazi, ina jukwaa la wageni wapya liitwalo Rookie A Go-Go. Suchmos walipiga hapo 2014, King Gnu 2017, na miaka mitano baadaye King Gnu walikuwa wakipiga kwenye uwanja wa Tokyo Dome. Orodha ya jukwaa hilo pekee inatosha wiki nzima ya kusikiliza. Minami Wheel ya Osaka, tangu 1999, inasambaza bendi kwenye kumbi nyingi za mtaa mmoja, na Tokyo Calling hufanya vivyo hivyo mwezi Septemba. Kwenye ratiba za matamasha haya mawili anza na kumbi ndogo za saa za mchana. Ukiwa huko mwenyewe, fika ukumbini kabla bendi iliyotangulia haijamaliza: ukumbi ukijaa hubandikwa 入場規制 (kuingia kumezuiwa), na bangili yako ya tamasha haitakuingiza mpaka mtu atoke.

Tiketi za maonyesho madogo huwasumbua wageni, kwa sababu mifumo kama e+ na Ticket Pia mara nyingi hudai namba ya simu ya Japani. Njia ya mkato ni kuiandikia bendi ujumbe ikuwekee nafasi, ulipe mlangoni: 5月10日 1枚、取り置きお願いします, yaani tarehe 10 Mei, tiketi moja, naomba niwekewe. Malizia na jina lako.

Mlangoni utaulizwa umekuja kuitazama bendi gani. Usijibu "zote". Kumbi nyingi huitaka bendi changa iuze idadi fulani ya tiketi, tuseme 20, na zisipotimia bendi hulipa pengo kutoka mfukoni. Jina utakalolitaja ndilo litakalohesabiwa tiketi yako, kwa hiyo litaje lile unalotaka liendelee kuwapo. Beba sarafu na noti ndogo, na usipige picha mpaka uone kwamba inaruhusiwa.

Aliye mbali anunue kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, pale bendi ilipo, na abonyeze kitufe cha kufuata ili apate barua pepe toleo jipya likitoka. Kwa CD za bendi ndogo kuna HOLIDAY! RECORDS ya Osaka, duka linalojishughulisha hasa na vijana hawa. Maelezo yake mafupi chini ya kila CD ni chanzo kingine cha majina. Demo zinazouzwa mezani ukumbini kwa kawaida huchapwa nakala chache na hazirudiwi, hivyo ukiikuta ya bendi uliyoipenda, inunue siku hiyo hiyo.