Kutoka kwenye Bao hadi Kwenye Ramani: Namna ya Kumfundisha Mtoto Latitudo na Longitudo

Mwalimu au mzazi anayetaka mtoto aelewe jinsi latitudo na longitudo zinavyoonyesha mahali asianze na ramani ya dunia, bali aanze na bao la kete. Bao lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane manane, na ni machache tu yenye jina, kama vile nyumba; yaliyobaki hayawezi kutajwa bila kuhesabu. Dunia nayo iko hivyo hivyo, kwa maana Ujiji na Kigoma zina majina, lakini mahali mvuvi alipotega nyavu zake katikati ya Ziwa Tanganyika hapana jina.

Waketishe watoto wawili wakitazamana, mmoja upande wa kaskazini na mwingine upande wa kusini wa bao, kisha mtoto wa tatu achague shimo moja moyoni na kulieleza kwa maneno bila kulionyesha kwa kidole. Akisema "safu ya mbele, shimo la tatu", kila mchezaji atagusa shimo lake, na ubishi utazuka kuhusu safu ya nani na kuhesabu kunaanzia mkono gani. Usiwahi kuuzima ubishi huo, kwa sababu ndio somo lenyewe. Wakishachoka, chora kwa chaki mstari unaotenganisha safu za wachezaji wawili, kisha mwingine unaoukata wa kwanza katikati, ili mashimo manne ya kila safu yawe mashariki na manne magharibi. Sasa kila shimo lina anwani yake, kwa mfano safu ya 2 kusini, shimo la 3 mashariki.

Mstari wa kwanza ni Ikweta, ambako latitudo huhesabiwa kwenda kaskazini au kusini, na wa pili ni mstari wa Greenwich, ambako longitudo huhesabiwa kwenda mashariki au magharibi, lakini asili zao ni tofauti. Ikweta imewekwa na mzunguko wa dunia yenyewe, kwa kuwa iko katikati ya ncha mbili, ilhali mstari wa Greenwich ulichaguliwa na watu katika mkutano uliofanyika Washington mwaka 1884, kama watoto walivyokubaliana mahali pa kuchora chaki.

Mfano wa bao una kasoro moja: shimo ni eneo, ilhali anwani ya kweli ni nukta ambapo mistari miwili inakutana. Kwa hiyo hamia uwanjani, chora mistari kwa majivu, na umwamuru mtoto asimame penye makutano, si ndani ya mraba. Kwamba mistari ya longitudo hukutana kwenye ncha, chungwa lililomenywa litaonyesha kwa haraka kuliko maelezo yoyote.

Ndipo ifunguliwe ramani. Kigoma iko karibu na nyuzi 4 na dakika 53 kusini, nyuzi 29 na dakika 38 mashariki. Tabora iko karibu na nyuzi 5 na dakika 1 kusini, nyuzi 32 na dakika 48 mashariki. Latitudo hutajwa kwanza, na kila nyuzi 1 ina dakika 60. Mtoto atambue mwenyewe kwamba miji hii inakaribia kuwa kwenye latitudo moja, na kwamba kinachoitenganisha hasa ni longitudo.

Makosa ya watoto yasisahihishwe kwa kalamu nyekundu tu. Yafuatwe kwenye ramani hadi yanapoishia. Anayesahau "kusini" na kuandika "kaskazini" ataipeleka Kigoma karibu na Maridi, Sudan Kusini, na anayebadilisha nafasi za namba mbili atauzamisha mji mzima katika Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Afrika Kusini. Simu nayo huandika kusini kwa alama ya kutoa, kwa hiyo -4.88 ni nyuzi 4 na dakika kama 53 kusini.

Zoezi la mwisho linahitaji jua. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4, na Dar es Salaam, iliyo karibu na nyuzi 39 na dakika 17 mashariki, hutangulia Kigoma kwa nyuzi 9 na dakika 39 za longitudo, ambazo ni dakika 39 hivi za saa ya ukutani. (Hakikisha mtoto hachanganyi dakika hizo mbili, maana neno ni moja.) Mwenye ndugu Dar es Salaam amwombe kwa simu saa ambayo jua limezama huko, naye asimame ufukweni Kigoma jioni hiyo hiyo aandike saa ya kwake. Hesabu haitalingana barabara, kwa sababu latitudo za miji hiyo si moja, na kwa sababu milima ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, hulificha jua kabla halijafika upeo wa macho.