Wasifu wa LinkedIn wa lugha ya pili kwa avoka wa Lubumbashi

Bamaître wa Lubumbashi wanaoshika mambo ya migodi: ongezeni kwenye LinkedIn wasifu wa pili wa Kiingereza, bila kufungua akaunti mpya. Mwanasheria wa kampuni aliye Johannesburg au Toronto hatafuti "avocat en droit minier". Anaandika "mining lawyer DRC", na wasifu wa Kifaransa mtupu hauna maneno hayo.

Kwenye kompyuta fungua wasifu wako, upande wa kulia bonyeza kalamu ya "Langue du profil", chagua Kiingereza, jaza jina na ule mstari wa maelezo mafupi ulio chini ya jina. Hapo una herufi 220, lakini weka la maana mwanzoni kabisa, maana kwenye simu sehemu ya mwisho hukatwa: kazi, fani, mji, kisha OHADA (sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika) na Code minier (sheria ya migodi ya Kongo) ya 2018. Tangu hapo anayetumia LinkedIn kwa Kiingereza anaona huo wa Kiingereza. Wengine wanabaki na wa Kifaransa.

LinkedIn haikutafsirii: usipojaza mwenyewe maelezo na kazi ulizofanya, mgeni anakuta nusu ni Kifaransa. Ukibadilisha kabineti (ofisi ya maavoka), sahihisha pande zote mbili. Majina ya wateja usiyaweke kwa lugha yoyote, siri ya kazi ni ile ile. Na kama huwezi kuandika mkataba wala kujibu simu kwa Kiingereza, acha kwanza, kwani swali la pili tu litakufichua. Kwa kesi za viwanja na urithi wasifu wa Kiingereza hausaidii. Wateja hao wako WhatsApp.